Kuungama: taja dhambi kwa jina lake, taja idadi, kisha rudisha cha watu

#1 Kigango_Kwetu

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Kwaresima imeshafika nusu, na wiki mbili za mwisho kabla ya Pasaka foleni ya kitubio huwa inazunguka kanisa. Tupige hesabu ndogo. Padre anafika kigangoni saa 2 asubuhi, Misa ni saa 3 na nusu, nje kuna watu 60. Dakika 90 kwa watu 60 ni dakika moja na nusu kwa kila mmoja, na hapo ishara ya msalaba na maneno ya maondoleo yamo humo humo. Anayeingia bila kujiandaa anakula muda wa watatu walio nyuma yake, na mara nyingi anatoka bila kukisema kile kilichomleta.

Tuanze na neno lenyewe, maana linachanganya watu. Huku kwetu "kitubio" ni mambo matatu: ni sakramenti, ni kile kibanda chenye wavu, na ni malipizi anayokupa padre, yaani sala au tendo la kufanya baada ya kuungama. Ukisema "nitafanya kitubio" kwenye sala ya kutubu, unaahidi hilo la tatu. Wengi wanaisali tangu komunio ya kwanza wakidhani wanaahidi kurudi kuungama tena.

Mafundisho yetu yanataja mambo matano: kutafuta dhambi moyoni, kuzijutia, kukusudia kutozirudia, kuziungama kwa padre, na kufanya malipizi. Ugonjwa uko kwenye la kwanza na la mwisho.

Kutafuta dhambi kunataka robo saa ya kweli, nyumbani au kwenye benchi la nyuma. Si mkiwa kwenye mstari mnasogea huku mnasalimiana. Pita Amri za Mungu moja moja, halafu wajibu wa hali yako: mume, mke, mzazi, mwajiri, mfanyakazi, mwanafunzi. Hapa pa wajibu panarukwa sana. Mtu anakumbuka amri ya sita tu, anasahau kwamba msichana wa kazi hajalipwa miezi miwili. Unatafuta tangu ungamo lako la mwisho lililo halali, si tangu utoto.

Ukiingia:

Ishara ya msalaba. "Nibariki Padre kwa kuwa nimekosa. Niliungama mara ya mwisho miezi minne iliyopita. Nimeolewa." Hali yako ya maisha inamsaidia padre kupima, hivyo iseme bila kungoja kuulizwa. Kisha dhambi. Anza na ile nzito kuliko zote, ile unayotamani kuipitisha katikati ya "nimesengenya" na "nimekasirika". Ukimaliza sema, "Nazijutia hizi na zote nilizozisahau." Hapo nyamaza usikilize shauri na malipizi, sali sala ya kutubu, pokea maondoleo, itikia "Amina". Usisimame kabla ya kusikia "nakuondolea dhambi zako kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Wapo wanaosikia malipizi tu, wanadhani yameisha, wanatoka.

Maswali yaje.

#2 Binti_Jumuiya

Milele na milele, amina. Mtoa mada asante. Hapo kwenye "dhambi nzito", mtu anapimaje? Na hilo la idadi ni lazima kweli, au ni mapadre wa zamani tu?

#3 Kanuni_na_Sheria

Dada, si mapadre wa zamani. Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 988, inadai dhambi zote nzito zitajwe kwa aina na idadi, zile ambazo bado hazijaungamwa na kuondolewa. Nyepesi zinashauriwa, hazilazimishwi.

Dhambi ni nzito, yaani ya mauti, pakiwa na mambo matatu kwa pamoja: jambo lenyewe ni zito, ulijua ni zito, na ulikubali kwa hiari. Kikikosekana kimoja, uzito unashuka.

Aina maana yake ni nini? "Nimevunja amri ya sita" si aina, ni kabati zima. Ndani yake kuna uasherati, na kuna uzinzi pale mmoja wenu ana ndoa, kwa sababu hapo yupo mtu wa tatu aliyedhulumiwa. Ni dhambi mbili tofauti ingawa tendo ni lile lile. Vivyo hivyo "nimeiba". Kuku wa jirani na mshahara wa kibarua si kitu kimoja, na kikombe cha altare ni habari nyingine kabisa.

Idadi: ukiijua, itaje. Usipoijua, kadiria: "kama mara mbili kwa wiki, kwa mwaka mzima." Padre hana daftari la mahesabu, ila mara moja ni kuteleza na mara mia ni mazoea, na dawa zake hazifanani.

Visivyotakiwa: jina la uliyekosa naye. Kanuni ya 979 inamkataza padre kuliuliza. Wala hadithi nzima haitakiwi. Sentensi inayoanza na "unajua Padre, mume wangu naye..." tayari ni ungamo la mume.

#4 Mlokole_Asilia

Bwana Yesu asifiwe. Samahanini wapendwa, mimi naona mnazunguka mbuyu. Nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa mmoja, ndiye Mungu? Iko Marko 2:7. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama yeye ni mwaminifu na wa haki. Padre anaingiaje hapo?

#5 Kigango_Kwetu

Amina ndugu. Angalia tu huo mstari wa Marko umetoka kinywani mwa nani. Ni waandishi waliokuwa wakimlaumu Yesu mioyoni mwao. Si hoja ya kujengea nyumba.

Sisi tunasimama kwenye Yohana 20:23, "Wo wote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa." Ili mtu aondolee au afungie, lazima kwanza asikie. Na padre hasamehi kwa mali yake mwenyewe, ndiyo maana naye anapiga magoti kwa padre mwenzake. Hakuna padre anayejiondolea dhambi zake.

#6 Usharika_wa_Kilimani

Naingia kutoka upande wa Walutheri, maana hapa watu hudhani Waprotestanti wote wanasema alivyosema ndugu #4. Ungamo la Augsburg la 1530, yaani tamko letu la imani, kifungu cha 11, linasema wazi kwamba ondoleo la faragha lisiachwe makanisani. Linachokataa ni ulazima wa kuorodhesha dhambi zote, likitaja Zaburi 19:12, "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake?" Katekisimo Ndogo ya Luther nayo ina sehemu ya kuungama: mbele za Mungu tunakiri zote, hata tusizozijua, mbele ya mchungaji zile tu tunazozijua na zinazotuuma moyoni. Na msamaha tunaupokea kutoka kwa mchungaji kana kwamba umetoka kwa Mungu mwenyewe.

Kwa hiyo tofauti yetu na Wakatoliki si "kuungama au kutoungama". Iko kwenye kulazimisha orodha, na kwenye nani anahesabu malipizi.

Tatizo letu ni kwamba haki hiyo ipo kitabuni, lakini Jumapili tunasoma maungamo ya pamoja kwa sekunde 40, tunatangaziwa msamaha, tunakaa. Mtu mwenye jiwe kifuani hajui kama anaruhusiwa kumwomba mchungaji ampangie saa. Anaruhusiwa.

#7 Mlokole_Asilia

Mkuu #6 hiyo sikuijua, nimejifunza. Lakini kwa sharika zenu lipo la "kurudi kundini". Si ndiyo kuungama hadharani?

#8 Usharika_wa_Kilimani

Hilo ni la nidhamu ya kanisa. Aliyezuiliwa Chakula cha Bwana, mara nyingi kwa sababu ya kuishi bila ndoa au kuzaa nje ya ndoa, anaonana na mzee wa kanisa, kisha mchungaji, anafundishwa, halafu siku iliyopangwa anasimama mbele, anaulizwa, anaombewa na kupokelewa. Lengo ni kumrudisha mezani.

Linapoharibika ni pale anaposimama binti peke yake kwa sababu tumbo linaonekana, na kijana aliyehusika yuko kwaya, sauti ya tatu, anaimba wimbo wa toba. Mchungaji na wazee wakilikubali hilo wanaadhibu mimba, hawaponyi dhambi.

#9 Nuruni_Daima

Kuungama mbele za watu kuna mizizi mirefu hapa Afrika Mashariki. Uamsho wa miaka ya 1930 ulioanzia pande za Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda, Kenya na Tanganyika, ulisimama juu ya 1 Yohana 1:7, kutembea nuruni. Watu waliungama kwenye ushirika, kisha wakaenda kurudisha walivyoiba: kwa mwajiri, kwa hospitali, kwa jirani.

Nguvu yake ilikuwa pale pa kurudisha. Udhaifu wake nao ulijulikana mapema: mtu anaungama uzinzi mbele ya watu 200, na ndani ya ungamo kuna jina la mke wa mtu ambaye hakuomba kutajwa. Au simulizi ya dhambi inanoga kuliko shukrani. Kanuni ya kiasi ni hii: ungamo liende mpaka dhambi ilikofika. Kama kosa lilibaki moyoni, lipeleke kwa Mungu. Ukimkosea mtu mmoja, mwendee huyo. Lililovuruga kanisa zima ndilo la kusema mbele ya kanisa zima, tena kwa maneno machache.

Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi", usiikate na mistari miwili iliyo kabla yake. Hapo mgonjwa anaita wazee wa kanisa nyumbani. Ni chumba, si uwanja.

#10 Binti_Jumuiya

Na Waanglikana je? Shemeji zangu wa upande wa Masasi wanaungama kama sisi, wa Dodoma wanashangaa.

#11 Kanuni_na_Sheria

Ni historia ya misheni. Masasi na Zanzibar walifikiwa na UMCA, shirika la wamisionari Waanglikana wenye mwelekeo wa kikatoliki. Dodoma ni CMS, shirika lingine la Kianglikana, la wainjilisti. Lakini hata Kitabu cha Sala cha 1662 kina maneno ya "nakuondolea dhambi zako zote" katika ibada ya kumtembelea mgonjwa. Kwao kauli ya siku zote ni kwamba wote wanaweza kuungama kwa kasisi, hakuna anayelazimishwa, na wapo wanaopaswa.

Waorthodoksi kwa ufupi: unasimama mbele ya ikona, padre yuko kando kama shahidi, mwishoni anakufunika kichwa kwa stola yake na kumwomba Mungu akusamehe.

#12 Mzee_wa_Kikoba

Turudi kwenye kurudisha, maana mada imetajwa na kuachwa. Mtu ni mweka hazina wa kikoba cha watu 25. Kala 500,000. Kaenda kitubio, kapewa Baba Yetu tatu na Salamu Maria tatu. Kamaliza?

#13 Kigango_Kwetu

Hajamaliza, mzee. Maondoleo yanaondoa dhambi, hayalipi deni. Asipokuwa na nia ya kurudisha ilhali anao uwezo, hata majuto yake yana walakini, na padre anaweza kumzuilia maondoleo mpaka nia hiyo iwepo.

Agano la Kale lilikuwa na hesabu kabisa. Hesabu 5:7: mwenye hatia anaungama, anarudisha kwa ukamilifu, anaongeza sehemu ya tano. Kwa 500,000 nyongeza ni 100,000, jumla 600,000. Zakayo alijipandishia mpaka mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 imekiweka kwa mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza. Kanisa leo halidai ile sehemu ya tano, linadai kilichochukuliwa na hasara iliyosababishwa. Kama kikoba kilikosa kumkopesha mtu kwa sababu hela haikuwepo, hiyo nayo ni hasara.

Mambo yanayokosewa hapa:

Kutoa sadaka badala ya kurudisha. Mwenye mali akijulikana, mali ni yake. Kama amefariki ni ya warithi wake. Maskini na kanisa wanafikiwa pale tu mwenyewe hapatikani kabisa.

Kudhani lazima ujianike. Si lazima. Unaweza kurudisha bila kujulikana. Ila ukituma kwa simu jina lako linasomeka kwenye ujumbe, kwa hiyo tafuta bahasha, au mwombe padre aifikishe. Padre akiifikisha hasemi imetoka kwa nani, na hakuna wa kumlazimisha.

Kukosa yote kwa mpigo. Lipa kwa awamu, lakini awamu ya kwanza itoke wiki hii, si "nikipata".

Halafu kuna jina la mtu. Ukimzushia mtu kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, malipizi ya rozari hayafuti uzushi. Kanusha kwenye grupu lile lile, kwa maneno yanayoeleweka. "Kama nimemkwaza mtu yeyote anisamehe" si kukanusha.

#14 Mzee_wa_Kikoba

Hapo nimekupata. Hiyo ya "kama nimemkwaza" ipigwe marufuku kabisa.

#15 Kijana_wa_Viwawa

Wakuu, padre akimsikia muuaji hawezi kwenda polisi hata kwa siri? Na akikutana na wewe njiani anaruhusiwa kukuuliza "ile tabia umeacha"?

#16 Kanuni_na_Sheria

La kwanza: hawezi, kwa neno, kwa ishara, wala kwa namna nyingine yoyote. Kanuni ya 983. Akiivunja siri moja kwa moja ametengwa na Kanisa papo hapo, na kuondolewa adhabu hiyo kumewekwa mikononi mwa Roma. Anachoweza ni kumhimiza muuaji ajisalimishe.

La pili: haruhusiwi kuanza mazungumzo hayo nje ya kitubio usipomruhusu. Tena kanuni ya 984 inamkataza kuyatumia aliyoyajua humo kwa kukuumiza, hata pasipo hatari ya siri kutoka. Akijua kwa kitubio kwamba mhasibu wa parokia anaiba, hawezi kumhamisha kwa sababu hiyo.

Mkalimani naye anabanwa na siri. Linafaa kujulikana kwa wageni wasioelewana lugha na padre: mkalimani anaruhusiwa. Kiziwi anaweza kuandika, na karatasi iharibiwe pale pale.

Lakini msichanganye: siri hiyo ni ya sakramenti. Ukikaa ofisini kwa padre au mchungaji mkapiga stori za ndoa yako, hapo kuna uaminifu wa kazi yake tu. Ukitaka kuungama, sema "nataka kuungama".

#17 Binti_Jumuiya

Kuungama kwa simu? Kuna watu wako Ughaibuni, padre wa Kiswahili yuko mbali.

#18 Kigango_Kwetu

Hakuna sakramenti kwa simu wala kwa intaneti. Kwa simu pata shauri, si maondoleo. Huko aliko aende kwa padre yeyote mwenye ruhusa ya kuungamisha, na lugha ikipiga chenga yapo ya #16.

Na kwa asiyeweza kumpata padre kabisa, kuna majuto kamili: kujuta kwa sababu ya upendo kwa Mungu, si kwa hofu ya moto. Hayo yanapatanisha hata dhambi ya mauti, yakiwa na nia thabiti ya kuungama mara nafasi ikipatikana.

#19 Kijana_wa_Viwawa

Basi ile foleni ya watu 60 padre asitoe maondoleo kwa wote mara moja tukaenda Misa?

#20 Kanuni_na_Sheria

Kanuni ya 961. Maondoleo ya pamoja bila ungamo la mmoja mmoja ni kwa hatari ya kifo pasipo muda wa kuwasikia, au pale waamini watakapokosa sakramenti kwa muda mrefu bila kosa lao. Wingi wa watu wa sikukuu au hija peke yake hautoshi, na anayeamua kama masharti yametimia ni askofu wa jimbo. Hata ukiyapata, dhambi zako nzito bado unapaswa kuzipeleka mmoja mmoja. Dawa ya foleni ni kuja Jumatano ya pili ya Kwaresima, si Jumamosi Kuu.

#21 Mama_Katekesi

Niongeze la watoto maana msimu wake huu. Umri wa akili ni kama miaka 7, na ungamo la kwanza linatangulia komunio ya kwanza. Kosa kubwa la walimu ni kumpa mtoto orodha akariri. Anaingia anasema "nimezini mara tatu", kumbe kanakili kitabuni. Mfundishe aseme kwa maneno yake: nimempiga mdogo wangu, nimemdanganya mama kuhusu chenji, nimekula nyama kwenye sufuria nikamsingizia paka. Hapo kuna kupiga, kuna uongo, kuna wizi, na kumsingizia asiyeweza kujitetea. Padre anapata pa kuanzia.

Na kwa wakubwa: kuandika dhambi kwenye karatasi au simu si kosa. Chana au futa ukitoka. Karatasi zimeokotwa chini ya mabenchi.

#22 Binti_Jumuiya

La mwisho. Aliyesahau dhambi nzito, na aliyeificha kwa aibu, wanafanyaje? Na yule aliyesahau malipizi aliyopewa?

#23 Kigango_Kwetu

Aliyesahau kweli amesamehewa pamoja na nyingine. Akikumbuka, anaitaja ungamo lijalo, basi. Anaweza kukomunika kabla ya hapo.

Aliyeficha kwa makusudi, ungamo lile lote si halali, na yaliyofuata akiendelea kuificha nayo si halali. Anarudi anasema, "Padre, kuna dhambi niliificha miaka minne iliyopita," kisha anaitaja, pamoja na dhambi nzito za maungamo yote tangu hapo. Kama ni aibu kwa padre wa parokia, aende parokia ya jirani. Kanuni ya 991 inampa uhuru wa kumchagua muungamishi. Na kama ni kutoa mimba, asiogope kwamba lazima aende kwa askofu: tangu Novemba 2016 kila padre mwenye ruhusa ya kuungamisha anaweza kuiondolea.

Malipizi yakisahaulika, amuulize padre yule yule kama bado anakumbuka, au ayaseme kwa padre mwingine ungamo lijalo apewe mengine. Yakiwa mazito asiyoweza, mfano kufunga na ana vidonda vya tumbo, aombe yabadilishwe pale pale kabla ya maondoleo. Na afanye siku hiyo hiyo kabla hajatoka kanisani, kwa sababu nje ya mlango kuna salamu, kuna mandazi, kuna bodaboda inapiga honi.